Sanduku la Laini ya Kusini

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini walinikatia keki wakanipa na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye anayehitaji saa. Hotuba zilipokwisha, Suleiman wa kitengo cha kompyuta akanivuta mkono. "Mzee Haji, njoo nikuoneshe kitu kabla hujenda kupumzika." Akanikalisha mbele ya kioo chake. Ndani ya kioo mna dirisha, na ndani ya dirisha mna kompyuta nyengine nzima, ya mfumo mwengine kabisa, inafanya kazi zake haina khabari kwamba inaishi tumboni mwa mwenzake. "Hii ya ndani inadhani ina mashine yake peke yake," akanambia. "Sisi tunaidanganya. Kila inachoomba inajibiwa kwa lugha inayoijua." Akauliza kama enzi zetu tuliwahi kuona mambo kama hayo.

Nilicheka mpaka miwani ikaniteremka puani. Nikamwambia tulikuwa nalo letu moja, la mbao, na waya zake nilizilehemu kwa mikono yangu hii. Akanitazama kwa huruma, kama mtazamavyo mzee anayeanza kupotewa. Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo vilichelewa na mishahara ilikuwa midogo, na hapana utamu wowote humo.

Niliingia kazini miezi michache baada ya Mapinduzi, kijana wa skuli mwenye vyeti viwili na suruali moja ya heshima. Chumba cha simu kilikuwa ghorofani katika jumba kongwe upande wa Malindi, madirisha yake ya mbao yakitazama bandarini. Asubuhi jua lilipenya kwenye madirisha likalala sakafuni mistari mistari, na vumbi likaelea humo taratibu bila ya haraka ya kufika popote. Chini wachukuzi walikuwa wakiimba huku wanashusha magunia. Juu, wanawake wanne wamekaa mbele ya ubao mrefu wa mninga, vipokeo masikioni, kila mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Naam? Nikupe nani?" Siku zile za mwanzo nilikuwa nikifika mlangoni nasahau nilichotumwa. Ilikuwa kama kusimama mlangoni mwa nyumba ambamo kisiwa kizima kinazungumza usingizini.

Kwa nyinyi mliozaliwa simu ziko mifukoni, nieleze. Simu ya wakati ule haikuwa na namba. Ilikuwa na mpini ubavuni. Ukiuzungusha, umeme mdogo unakimbia kwenye waya mpaka kwetu, na kwenye ubao, tuliouita swichibodi, kifuniko kidogo cha shaba kinaanguka: tak. Mama wa swichibodi anaona kifuniko cha nani kimeanguka, anachomeka waya, anakuuliza unamtaka nani, anachomeka waya wa pili kwa huyo umtakaye na kumpigia kengele. Mkimaliza mnazungusha tena kidogo, naye anachomoa. Hapana neno lililopita Unguja hii bila ya kupita mkononi mwa mtu.

Mkubwa wa ubao alikuwa Bi Salma, mwanamke mfupi mwenye macho makali na sauti laini, mambo mawili ambayo sijapata kuyaona tena pamoja. Siku yangu ya kwanza nilimkuta anatundika buibui lake msumarini.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiye mimi."

"Hebu mikono." Nikamnyooshea. Njiani nilikuwa nimepitia muhogo wa kuchoma. "Nenda kaoshe. Hapa hatushiki waya na mikono ya pilipili."

Nilikwenda nikaosha. Niliporudi akanipa kipokeo cha ziada, akanambia nisikilize laini moja baada ya moja nimwambie zina maradhi gani. Sikujua hata kama laini zina maradhi. Yeye akanifundisha: ile inayochachatika kama samaki kikaangoni imeingia maji, ile yenye mngurumo wa chini, mnazi umeilalia mahali, ile kimya kabisa, kaiba mtu waya kwenda kufungia mbuzi. "Mafundi wa macho wapo tele," akasema. "Mie nataka fundi wa sikio." Vyombo vyangu vilikuwa bisibisi mbili, koleo, na pasi ya kulehemu ambayo tulikuwa tukiipasha kwenye jiko la mkaa barazani, karibu na birika la chai. Chai yetu ilikuwa na ladha ya lehemu mwaka mzima, na sote tuko hai mpaka leo, waliojaaliwa.

Laini niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kusini. Ilitoka mjini ikafuata nguzo za barabarani mpaka Kizimkazi, na simu zake chache zilining'inia kwenye jozi moja ya waya: ya polisi, ya wakala wa samaki, ya sheha wa kijiji, na ya zahanati. Mchana ukitulia, watu wamelala baada ya chakula, Bi Salma alikuwa akiniachia kipokeo cha laini ile nisikilize tu. Hapana anayesema kitu. Unasikia upepo umekalia waya safari nzima, na mara nyengine jogoo, sijui wa kijiji gani, anawika mbali mno kana kwamba yuko katika mwaka mwengine. Nilikuwa nasinzia nimefumbua macho. Bi Salma hakunikataza, kwa sababu na yeye alikuwa hivyo hivyo.

Kwao kulikuwa Kizimkazi. Mama yake, Bi Mize, macho yalishamwacha, naye alikaa nyumba inayopakana na ukuta wa zahanati na alikataa katakata kuhamia mjini. Kila siku baada ya alasiri mkunga wa zahanati, Bi Mwaka, alikuwa akimshika mkono Bi Mize mpaka kwenye simu, mama na mwana wakajuliana hali. Bi Salma alikuwa na mdogo wake pia, Tatu. Tatu alifia uzazi kule kule, usiku mmoja ambao mvua ilikata waya na hapana aliyeweza kuita gari la hospitali. Haya alinihadithia mara moja tu, huku anapangusa plagi za ubao kwa kitambaa, na sikuwahi kumuuliza tena.

Miaka michache baadaye, nilipokwisha kuzoea, ikaja meli na masanduku. Humo mlikuwa na mtambo mpya, makabati marefu ya rangi ya kijivu, pamoja na mhandisi wake, Bwana Ernst, Mjerumani wa Mashariki. Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni. Siku ya kwanza alisema, "Ninaomba nipatiwe chai isiyokuwa na sukari," wanawake wa ubao wakacheka mpaka wakavua vipokeo. Hakukasirika. Alicheka nao, na baada ya mwezi alikuwa anaagiza urojo kwa jina. Alikuwa mtu mzuri na fundi wa kweli, na mengi niliyoyatumia maisha yangu yote nimeyapata kwake.

Mtambo ule haukuhitaji mama wa swichibodi. Simu zake mpya zilikuwa na kidude cha duara cha kuzungushia namba. Ukiinua mkono wa simu tu mtambo unajua umeamka, unakulilia mlio, unahesabu namba unazozungusha, unakutafutia mtu wako. Ukinyamaza sana bila ya kuzungusha, unakukata. Wanawake watatu walikuwa wameshapangiwa kazi nyengine serikalini. Aliyebaki kujadiliwa ni Bi Salma, na laini ya kusini.

Kwa sababu kusini simu mpya hazikwenda. Hazikuwamo katika mzigo, wala waya wa kuzipeleka. Zile za zamani zenye mpini, ukizifunga kwenye mtambo mpya, ni bubu na kiziwi wamekalishwa chumba kimoja. Moja inasema kwa kuzungushwa, nyengine inasikia kwa kuinuliwa. Moja inangoja kuulizwa, nyengine haiulizi mtu.

Msimamizi wetu, Bwana Mselem, akatuita kikaoni. Alikuwa amefurahi kwa sababu alikuwa amepata njia. "Tutabakisha kipande cha ubao wa zamani kwa ajili ya kusini, na kiti kimoja. Bi Salma, kiti chako kipo. Saa za kazi tu, lakini kipo."

Tukampa hongera. Yeye hakupokea.

"Na usiku?" akauliza.

"Usiku tutafunga. Sina wa kumlipa usiku."

"Na siku za sikukuu?"

"Tutafunga pia."

Bi Salma akatazama mikono yake. "Na mwanamke wa Kizimkazi akishikwa na uchungu usiku, bwana, nimwambie azuie mpaka nije kazini?"

Ndipo Bwana Ernst, anatazama kikombe chake, akasema iko njia nyengine. Tutengeneze kitu cha katikati. Kwa upande wa kusini kijifanye swichibodi, kwa upande wa mtambo kijifanye simu ya mjini. Kila mmoja aambiwe anachotarajia kuambiwa, na asijue kwamba upande wa pili kuna mgeni. Usiku na mchana, hakilali.

"Kwa hivyo mtambo utakuwa unazungumza na uongo," akasema Bwana Mselem.

"Uongo wenye adabu," akasema Bwana Ernst.

"Nani atakitengeneza?"

"Mimi na Haji."

Bwana Mselem akamgeukia Bi Salma, na nampa haki yake, alisema kwa upole. "Unaelewa lakini? Kikifanya kazi, kiti hakihitajiki tena."

"Nimeelewa kabla hujasema," akajibu. "Tengenezeni."

Nilimfuata ukumbini. Moyo ulikuwa unaniuma, sitaki kuficha. Mwanamke yule alikuwa mjane, hana kazi nyengine aijuayo, naye ndiye aliyenifundisha kusikia. Nikamwambia, "Bi Salma, kazi hii ngumu. Mtu anaweza kushindwa, na hapana atakayemlaumu."

Alisimama. Alinitazama kwa yale macho. "Haji, ukishindwa kwa ujinga nitakusamehe. Ukishindwa kwa kunihurumia mimi, usinipe tena mkono."

Basi tukaanza. Seremala wa Malindi alitutolea sanduku la mninga, zuri kupita haja, kwa sababu alidhani ni la kuwekea msahafu, na tulipomwambia la simu akanuna. Ndani tukapanga rilei, vile visumaku vya umeme vinavyovuta na kuachia, tulizozikwangua kutoka katika ubao wa zamani. Bwana Ernst alichora, mimi nililehemu. Lakini huwezi kutengeneza kitu cha kujifanya Bi Salma bila ya kumuuliza Bi Salma anafanya nini. Kwa hivyo kila siku alasiri nilikaa naye, na yeye ananifundisha namna ya kumtoa kitini.

"Sifanyi kitu," alikuwa akisema. "Kifuniko kikianguka naitika."

"Halafu?"

"Namuuliza amtakaye."

"Sanduku haliwezi kuuliza, Bi. Watu wa kusini wanawataka kina nani?"

Akacheka. "Wale? Wale mji mzima kwao ni pahala patano. Hospitali, polisi, soko la samaki, ofisi ya mkoa, na lile duka la nyavu la Darajani."

Hapo ndipo tulipopata ufunguo. Tukakubaliana: azungushe mpini mara moja mwenye kutaka hospitali, mara mbili polisi, mara tatu soko la samaki, na kuendelea. Sanduku lihesabu, kisha lijifanye simu ya mjini iliyoinuliwa, na liupigie mtambo namba za pahala hapo. Mjini wakiita kusini, sanduku lipeleke kengele ndefu na fupi, kila simu na mpigo wake, kama walivyozoea. Bi Mwaka na sheha wakapewa maelekezo, wao wakayatangaza. Karakanani sanduku lilikwenda kama sukari kwenye chai. Bwana Ernst alinipa mkono, tukaita Kizimkazi kufanya majaribio ya kweli, Bi Mwaka aitafute hospitali, mara moja tu ya mpini.

Sanduku likatikatika. Mtambo ukatafuta. Sauti ya mwanamme ikaja juu: "Samaki wamekwisha!"

Tukadhani Bi Mwaka amekosea. Akarudia. "Nshasema wamekwisha, mama, njoo kesho!" Akaja sheha, anataka polisi. Akapewa soko la samaki. Akaja mtu wa nyavu, naye akapewa soko la samaki. Jioni ile dalali wa soko alikuwa anatutukania wazazi wetu, na wazee wa kusini wanaulizana mji umepatwa na nini hata kila mtu kawa mvuvi.

Bwana Ernst alilifungua sanduku akalipima kipande kwa kipande. Hapana kosa. Tukalifunga, tukajaribu tena, soko la samaki. Siku ya kuzima ubao wa zamani ilikuwa imeshapangwa, ilikuwa inakuja, na Bwana Mselem alianza kupita mlangoni anakohoa. Alikuwa ameshakipangusa kile kiti kimoja. Bi Salma hakukitazama. Alikuwa amekonda uso, na kila siku aliniuliza jambo moja, "Bado samaki?"

"Bado, Bi."

Mwishowe nikapanda lori la asubuhi nikenda Kizimkazi kuona kwa macho. Nikamkuta Bi Mwaka yuko na simu ukutani, nikamwomba aite hospitali mbele yangu. Akajifuta mikono kwa kanga. Akainua mkono wa simu. Akazungusha mpini, akaacha. Akazungusha, akaacha. Akazungusha, akaacha, akasikiliza.

"Bi Mwaka, si tulisema mara moja?"

"Sijafika kwenye hiyo mara moja."

"Umeshazungusha mara tatu!"

"Zile?" Alinitazama kama mtu aliyelelewa vibaya. "Zile hodi, baba. Kwani wewe ukifika kwa watu unaingia tu?"

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Akanieleza, kwa subira kubwa, kwamba mtu hupiga hodi kwanza, mara tatu, angoje akaribishwe, ndipo aseme shida yake. Yeye angezungusha ile mara moja ya hospitali baada ya kukaribishwa. Tatizo ni kwamba kabla hajakaribishwa anaingia mwanamme wa samaki.

"Na hodi ya tatu usipoitikiwa?"

"Naweka simu nnakwenda zangu. Wenyewe hawapo, au hawataki mgeni."

Nilijaribu kuwakataza, sisemi uongo. Sheha alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kila neno, akanipa madafu. Kisha akainua simu kunionesha kwamba ameelewa, na mkono wake ukapiga hodi tatu. "Loh!" akasema. "Lakini bwana, mtu mzima kama mimi, niuingilie mji bila ya hodi?"

Nilirudi mjini na lori la mchana, nimekaa juu ya magunia ya makumbi ya nazi, kichwa kinanizunguka na jua. Nguzo za simu zilikuwa zinapita moja moja, na waya unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, mpaka nikaona kama waya ndio unaokwenda na sisi tumesimama. Miaka yote ile nilikuwa nikiusikiliza nikidhani nasikia upepo tu. Nilipomweleza Bi Salma, alijipiga mkono mdomoni.

"Kha! Mbona sikukwambia?"

"Ulikuwa unajua?"

"Najua nini! Kifuniko cha kusini kinaanguka mara tatu, halafu naitika. Ukiwaitika ya kwanza wanashtuka, wanaanza kukohoa. Wallahi sikujua kama hilo ni jambo la kuambiwa mtu."

Bwana Ernst alipoelewa alifurahi kama mtoto. Sanduku lilikuwa halina kosa ila malezi. Tukaongeza rilei nyengine, ya polepole, iliyovikwa pete nene ya shaba ili ichelewe kuachia. Kazi yake ingoje hodi zote zipite, kisha irudishe kengele fupi mbili kwenye waya: karibu. Baada ya hapo tu ndipo sanduku lianze kuhesabu, na ndipo liuamshe mtambo, usije ukachoka kungoja ukakata. Tulibakiwa na jambo moja. Lichelewe kiasi gani? Likiwahi, linamkatiza mtu hodi yake. Likichelewa, mtu kaondoka. Bwana Ernst akamuuliza Bi Salma kwa hesabu za saa. Bi Salma akasema hajui, hajapata kutazama saa.

"Basi itika," nikamwambia. "Kama kila siku. Sisi tutakutazama."

Ilikuwa baada ya alasiri, bandarini kumetulia. Alikaa kitini kwake, kipokeo sikioni, akafumba macho. Kule Bi Mwaka akapiga hodi, akaweka simu, akapumzika, akapiga tena, kama tulivyomwomba. Kila mara hodi ya tatu ikipita, Bi Salma alingoja kidogo, uso wake umelainika, unaona anamsikia mtu aliyesimama mlangoni, kisha anainua kidole. Mimi nimepiga magoti mbele ya sanduku na bisibisi, nakaza skrubu ya rilei na kuilegeza. Kidole kinakwenda, na baadaye, tak. Naikaza. Tak, na baadaye kidole. Naachia. Jua likahama kutoka sakafuni likapanda ukutani. Nilikuwa kama nimo ndotoni, najua ninachokifanya na siwezi kukiacha. Mara kidole na tak vikaja pamoja. Tukajaribu tena, pamoja. Na tena.

Bi Salma akafumbua macho. Akalisikiliza sanduku likiitika peke yake, kidole chake kimelala mapajani.

"Ndiye mimi huyo," akasema.

Bwana Ernst akageukia dirishani. Mimi nilijitia natafuta bisibisi chini ya meza, na bisibisi ilikuwa mkononi.

Ubao wa zamani ulizimwa siku ile ile iliyopangwa. Tulichomoa waya mmoja mmoja, na chumba kikawa kimya namna ambayo sikuwahi kukisikia, halafu makabati ya kijivu yakaanza kutatarika, mjini wakaanza kupigiana simu wenyewe kwa wenyewe. Asubuhi ya pili yake nilipofika, mlinzi wa jengo akanambia sanduku langu lilikuwa likitikatika usiku, amelisikia kutoka chini akadhani ni panya. Nikapiga simu hospitali kuuliza. Ndiyo, wakasema, Kizimkazi waliita usiku, gari limekwenda, mama na mtoto wako wodini. Nikashuka ngazi mbili mbili kumtafuta Bi Salma. Alikuwa uani, anamalizia kukabidhi vitu vyake.

"Mlinzi kanambia. Hospitali wameipata?" akaniuliza kabla sijafungua mdomo.

"Wamepata, Bi. Wote wawili wazima."

Akasema Alhamdulillahi, mara nyingi, kwa sauti ya chini, machozi yanamtoka na hayafuti. Nami nikalia, na sioni haya kuyaandika.

Alasiri ile, kabla hajaondoka, aliniomba jambo. Alitaka kumwita mama yake. Alisimama mbele ya simu mpya ya ukumbini akaitazama kama anayetazama mtoto wa watu, kwa sababu katika maisha yake yote hajapata kumpigia mtu simu. Alikuwa akiwaunganisha wengine. Nikamtajia namba, akazizungusha kwa kidole kimoja. Mtambo ukatatarika, sanduku likaitika, kengele ikalia Kizimkazi. Bi Mwaka akapokea, akenda kumwita Bi Mize. Nilitaka kuondoka, akanishika mkono nibaki, asije akakosea kitu. Bi Mize alikuwa anazungumza kwa sauti kubwa, kama wazee wote waliojifunza simu ukubwani, kwa hivyo nilisikia yote.

Waliulizana hali harakaharaka. Kisha Bi Salma akanyamaza, kichwa kimeinama upande, anangoja.

"Salma? Umeitwa?"

"Hapana, mama. Hapana anayeniita."

"Mbona leo huniambii ngoja? Miaka yote hii sijapata kumaliza nawe neno. Kila nikianza, ngoja mama, kifuniko kimeanguka. Ngoja mama, kuna mtu. Leo hawapo hao watu?"

"Wapo. Wanajipigia wenyewe."

Kwenye waya nikausikia ule upepo.

"Kwa hivyo una nafasi," akasema Bi Mize.

"Nina nafasi, mama."

"Ya mpaka lini?"

"Mpaka utakaponichoka."

Akavuta kiti kwa mguu, akakaa, akavua viatu, akaanza kumwamkia mama yake upya, polepole.